Matundu Kumi na Mawili Chini ya Pikapu

Mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, shida zilianza. Mama alifariki Liuli wakati wa mvua, na kabla mahindi hayajakauka shambani nilikuwa nimeshatolewa darasa la pili na kupandishwa milimani Mbinga kwa mama mdogo, nikamsaidie watoto na jembe. Sikurudi darasani tena. Nasema mapema ili mwenye hamu ya kunisahihisha herufi afunge kitabu sasa hivi, aende zake. Wengine tuendelee.

Mimi ni mtoto wa ziwani, lakini jembe nilifundishwa milimani, nikafundishwa ngoro. Asiyejua ngoro nimweleze. Mashamba ya Wamatengo yako mteremkoni, mteremko ambao mbuzi mwenyewe anaushukia kwa adabu. Ukilima kama watu wa tambarare, mvua ya kwanza inashuka na shamba lako. Kwa hiyo wanaume wanafyeka majani na kuyapanga kwa mistari ya kukatana, miraba miraba, kama wavu. Halafu sisi wanawake tunaingia na jembe, tunachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia yale majani kwa udongo. Katikati linabaki shimo. Mvua ikija, maji yanaingia shimoni, yanakaa, yanatulia. Udongo hauendi popote.

Mama mdogo alikuwa akinigonga kwa mpini nikiacha mahali pa maji kupenya. "Ziba!" alisema. "Maji yakipata njia, sisi tumepata njaa." Nikaziba. Nimeziba mianya mpaka nikaolewa, nikaziba nikiwa na mimba, nikaziba nikiwa mjane. Ziba, ziba. Neno lile lilinikaa kichwani miaka hamsini, na ndilo lililotaka kuniulia gari.

Gari lenyewe ni pikapu ya bluu, ya Kijapani, iliyokuwa imezeeka tayari siku nilipoichukua. Imetoka kwenye pesa ya usipa. Usipa ni dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, watamu kuliko wa kwenu, tusibishane. Niliwabeba kichwani, nikawabeba kwenye baiskeli, nikawabeba juu ya malori ya watu nikiwa nimekaa juu ya magunia kama gunia mwenyewe. Nikiwa na miaka arobaini na nane nikajifunza kuendesha, na wanaume wa stendi ya Mbinga walikuja kuangalia kama wanaangalia mpira. Nilipata leseni. Wawili kati ya wale waliocheka hawana leseni hadi leo.

Sasa, wakati barabara ya kushukia Mbamba Bay inajengwa, kulikuwa na vumbi ambalo sijaliona tena. Vumbi jekundu lilipanda kwa chini, likaingia kwenye milango, likaingia kwenye usipa. Mteja anatafuna dagaa anasikia mchanga. Nikaichunguza pikapu, nikakuta chini ya kila mlango kuna vitundu, na chini ya kizingiti, yaani ule ubavu wa chuma unaoukanyaga ukipanda, kuna vitundu vingine. Nikasema ahaa, adui anapita hapa. Nikawaomba watu wa barabara masalia ya lami kwenye kopo, nikayapasha moto kwenye mafiga matatu, na kwa kijiti nikaziba kitundu kimoja kimoja. Kumi na viwili. Niliziba vizuri, kwa mkono wa mtu aliyepigwa mpini. Vumbi likakoma. Nilijisifu kwa kila aliyetaka kusikia.

Na kila jioni niliiosha. Ndoo sita za maji, bodi la nyuma na kebini, kila siku ya Mungu, kwa sababu gari la samaki likinuka mwenye gari naye ananuka. Pikapu yangu ilikuwa gari pekee la samaki kati ya Mbamba Bay na Kitai ambalo padri aliweza kupanda na kanzu yake akashuka salama. Kumbuka hilo. Nilikuwa naiosha.

Mwaka jana mwezi wa pili nilikuwa Kitai na magunia nane nyuma, nikasimamishwa. Alikuwa mkaguzi wa magari, binti mrefu aliyehamishiwa huku kutoka kanda ya ziwa lile lingine kubwa, sare yake imenyooka kama imetoka dukani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Bibi yako yuko kwenu. Hapa unaongea na dereva."

Akacheka kidogo. "Haya, dereva, leseni." Akaisoma mbele na nyuma. Halafu akachutama, akatoa bisibisi mfukoni, akagusa kizingiti cha upande wangu. Aligusa tu, hakuchoma. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Rangi ya bluu iliyokuwa inang'aa ikavunjika kama ganda la yai, na chini ya rangi hapakuwa na chuma. Palikuwa na unga wa kahawia.

Akazunguka upande wa pili. Ikazama tena. Akainua zulia la chini ya miguu yangu, na mimi na yeye tukaiona lami ya barabara, pale chini, kupitia sakafu ya gari.

"Mama," alisema, na sasa hakuniita bibi wala dereva, "gari hili limekufa. Wewe unaendesha rangi."

"Halijafa. Linaumwa."

"Kizingiti ndicho kinachoshika gari pamoja. Ukipata tuta baya, kebini inakatika katikati na wewe ndani. Nakupa hadi Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne, uje kituoni Mbinga. Likiwa hivi, nang'oa namba."

Hakuwa na ukali. Ningependa angekuwa na ukali, ningejua la kufanya. Nikashusha magunia pale pale Kitai, nikayauza, nikarudi Mbinga mwendo wa kobe, na kila tuta nilishika pumzi.

Mwanangu ni mtumishi wa serikali Songea. Nilipompigia akasema lile neno alilokuwa amelitunza siku nyingi. "Mama, si basi tu? Kuna watu wa chuma chakavu wanapita na lori. Wape. Njoo ukae kwangu, upumzike."

"Nipumzike nimechoka na nini?"

"Umri, mama."

Nikakata simu. Ninyi mnaosoma mnaweza kuona ni mtoto mwema, na ni kweli, ni mwema. Lakini mimi nilijua. Namba ikishang'olewa, mimi ni bibi wa sebuleni Songea, naulizwa kama nimekunywa uji. Nimetoka Liuli kwa miguu yangu, kila kitu nilichonacho nimekifuata mwenyewe nikakibeba. Siku nitakayoacha kwenda ziwani mwenyewe, mtakuwa mmenizika mkasahau kufukia. Kwa hiyo ile haikuwa habari ya gari. Zilibaki siku tisa.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alikuwa karibu na stendi. Hakuinama hata. "Mama, hii ndogo. Tunasokomeza gunia ndani, tunapiga puti juu, msasa, rangi. Kesho kutwa unachukua, hata aliyeiunda haijui."

"Na bisibisi?"

"Hawezi kuchoma kila mahali."

Nikamtazama. Mimi nimeuza samaki zaidi ya miaka thelathini. Najua kupanga mbasa wazuri juu na waliolegea chini. Nimelifanya hilo nikiwa kijana, nikaliacha nilipokamatwa na mama mmoja pale sokoni akanimwagia beseni zima miguuni. Mtu hawezi kunifundisha kuficha uozo, nina shahada yangu. Nikawasha gari nikaondoka.

Fundi wa pili anafanyia kazi nyuma ya mashine ya kukobolea kahawa, banda la mabati manne lisilo na mlango. Mtu wa makamo, Mmatengo mnene, mpole, anayeongea na vyuma kuliko watu. Huyu aliinama. Alilala kabisa chini ya gari, nikaona miguu yake tu kwa muda mrefu. Akatoka na kutu kwenye nyusi.

"Mama, sijui kama kuna gari la kutosha kushonea. Kiraka kinataka chuma kizima cha kukishikilia. Tutafute kwanza kutu inaishia wapi."

"Tunatafutaje?"

Akanipa nyundo ndogo. Akanionyesha: unagonga, unasikiliza. Chuma kizima kinajibu, ngaa. Kilichooza kinanyamaza, bwa.

Loo! Mnajua tangu lini mimi nagonga vitu nikasikiliza? Vyungu vya sokoni, makopa ya muhogo, ngoma ya mbasa mkavu ukimpiga kwa kidole kujua kama amekauka hadi mfupani. Nikaanza kugonga. Ngaa, ngaa, bwa. Fundi anafuata nyuma yangu na chaki nyeupe. Ngaa, bwa, bwa, bwa, ngaa! Kila ngaa ilinipanda moyoni. Nilizunguka gari zima nimepiga magoti, kitenge kimejaa vumbi la kutu, sijali. Nguzo za milango: ngaa. Fremu ya chini, ule uti wa mgongo: ngaa, ngaa, ngaa, mbele hadi nyuma! Nikapiga kigelegele mle bandani, watu wa mashine ya kahawa wakatoka nje wakidhani kuna harusi.

"Lipo," fundi alisema akiangalia chaki zake. "Lipo la kutosha. Kazi ni vizingiti vyote viwili, sakafu, na chini ya milango. Siku sita tukikaza."

"Tukaze."

"Mimi na nani?"

"Na mimi. Unadhani nitakaa nakutazama kama runinga?"

Tukatoa betri, tukatoa viti, tukatoa zulia, tukashusha tangi la mafuta tukaliweka mbali kwenye migomba. Siku ya pili akanivalisha miwani na glovu, akanipa grenda mkononi. Jamani. Kile chombo kinakuvuta kama mbwa aliyeona sungura. Cheche zinatoka mkononi mwako, mkia mrefu wa moto, na chuma kinafunguka unapotaka wewe. Nilikuwa na miaka sitini na tatu na nikajuta miaka yote niliyoishi bila grenda. Fundi anapiga kelele, "Taratibu mama! Fuata chaki!" Nafuata chaki, nacheka peke yangu ndani ya kelele.

Nilipofika katikati ya kizingiti cha kulia, maji yakatoka.

Hayakudondoka, yalimwagika. Maji mazito mekundu yaliyooza, yakanilowesha magoti. Nikazima grenda. Fundi akaja, akafungua lile bati kwa koleo kama anafungua kopo, tukachungulia ndani. Mlikuwa na tope jekundu limejaa hadi nusu, tope laini, zuri, la kupandia. Magamba ya samaki yanametameta. Na katikati ya lile tope, nisiwadanganye, kulikuwa na punje za mahindi zimeota. Miche mitatu, myeupe kama minyoo kwa kukosa jua, imejikunja ikitafuta pa kutokea.

Fundi alichutama pale akiangalia. Akaingiza kidole chini, akakwangua, akatoa kitu cheusi kama gololi iliyopondwa. Lami.

"Nani aliziba hapa?"

Nikajifanya nafuta magoti.

Akaenda kwenye kitundu cha pili, cha tatu. Akarudi na lami kiganjani. Alikuwa anajizuia, shavu linamchezacheza. "Mama. Hivi vitundu viliwekwa na waliolitengeneza gari ili maji yatoke. Maji yanaingia juu kwenye kioo, yanaingia ukiosha, yanatokea huku. Wewe..." Akashindwa. Akakaa chini kabisa, akacheka mpaka machozi. "Wewe mama umelima ngoro ndani ya gari! Na mahindi umepanda!"

Wa mashine ya kahawa wakaja kuona. Mzee mmoja akachungulia kwa heshima kama anachungulia kaburi, akasema, "Ngoro safi hii. Maharage yake yako wapi?"

Niliudhika. Nilitaka kumrushia mtu nyundo. Miaka yote nilikuwa nikimsimulia kila mtu nilivyolishinda vumbi kwa kopo la lami, na kila jioni nikimwaga ndoo sita ndani ya shimo nililoliziba kwa mkono wangu. Si barabara iliyoiua pikapu, wala Wajapani, wala uzee. Ni mimi, kwa usafi wangu. Gari chafu la jirani yangu, lile linalonuka hadi kuku wanalikimbia, halina hata doa la kutu, maana anaosha Pasaka tu.

Sijazoea kusema nimekosea. Marehemu mume wangu angewaambia. Lakini pale, nikiwa nimelowa maji ya samaki, nikaangalia ile miche mitatu nikasema, "Mama mdogo angenipa alama zote." Na mimi nikaanza kucheka, na nilipoanza sikuweza kuacha.

Kazi ikapamba moto. Kwa viraka fundi alikata pipa la oili, chuma kinene kuliko cha gari. Alikikunja juu ya kipande cha reli kwa nyundo, akipima, akirudia, mpaka kikakaa kama kilizaliwa hapo. Kuchomelea hakuniachia, na alifanya vizuri. Alichoma tone hapa, akaruka akachoma tone kule mbali, akarudi, ili chuma kisipate moto mahali pamoja kikajikunja. Mimi nilifuata na grenda kusawazisha, halafu msasa, halafu ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mkono mmoja, ikauke, mkono wa pili. Chini ya milango tukamaliza Jumanne. Jumatano tukamaliza sakafu. Nikasimama juu yake na miguu yote miwili, nikaruka, mama mzima. Ngaa!

Alhamisi mchana tuligombana. Fundi alikuwa amefunga kizingiti cha mwisho, laini kama kilichotoka kiwandani, hakuna mahali pa kupitisha sindano. Alikuwa anakipapasa kama mtoto.

"Toboa," nikamwambia.

"Mama, acha kwanza kazi ipumue. Mkaguzi akiona tundu kesho atasema ni kutu. Tutoboe Jumamosi."

"Toboa leo."

"Atang'oa namba! Kazi yote hii!"

Ni kweli alikuwa na hoja. Nililala nayo? Hapana, sikuwa na muda wa kulala nayo, nilisimama nayo pale pale. Tundu moja machoni pa askari lingeweza kunipeleka Songea kunywa uji. Lakini nilifikiri: Jumamosi nitasema Jumatatu, na Jumatatu nitakuwa ziwani. Najijua. Mkono wangu unapenda kuziba.

"Baba," nikamwambia, na kwa umri angekuwa mwanangu, "mimi nimeua gari hili mara moja. Lete drili."

Akatoboa vizingiti na milango, amenuna. Kumi na mawili. Nikayahesabu kwa kidole. Halafu tukanyunyiza oili chafu ndani ya vizingiti mpaka ikachuruzika kwenye kila tundu, tukapaka bluu. Bluu ya dukani haikulingana na bluu ya zamani. Basi.

Ijumaa kulinyesha. Si mvua ya kusimulia, ni ile ya Mbinga ya mwezi wa pili inayoanza bila kukuuliza. Nilifika kituoni saa nne kasoro, fundi kiti cha abiria. Mvua ikakatika tulipoegesha. Mkaguzi akatoka, shikamoo, marahaba, na kabla hajainama akasimama akiangalia chini. Pikapu ilikuwa inatoa maji. Matundu kumi na mawili, mistari kumi na miwili myembamba, pande zote mbili, maji yanaruka juu ya changarawe.

"Mama," alisema, "gari linavuja."

Fundi akafumba macho.

"Halivuji," nikasema. "Linakojoa! Umewahi kuona mzima asiyekojoa? Miaka yote nilikuwa nimelifunga ndiyo maana likaoza. Piga bisibisi. Piga popote! Chukua na nyundo hii, sikiliza mwenyewe."

Akaichukua. Akaenda polepole, kizingiti cha kulia, cha kushoto, sakafu, chini ya milango. Alichoma kwa nguvu kuliko ile siku ya Kitai, bisibisi ikateleza. Akagonga. Ngaa. Ngaa. Sijawahi kusikia kwaya iliyoimba vile. Akalala chini kwenye changarawe yenye maji, na sare ile, akaingiza kidole kidogo kwenye tundu moja, akaangalia ukingo wake. Akainuka, mgongo mzima umelowa.

"Nani aliyatoboa?"

"Huyu. Nimemlazimisha."

"Magari kumi yakija hapa, tisa yameziba haya kwa tope, na moja kwa sabuni." Akaandika karatasi yake, akagonga muhuri juu ya boneti. "Haya, dereva. Ziwani salama."

Nilipiga kigelegele ndani ya kituo cha polisi. Hawakunikamata.

Jumamosi alfajiri nilikuwa Mbamba Bay, fundi nimekuja naye. Wenzangu wa usipa walikuja kuangalia viraka, wakanicheka kwa rangi, nikawalaza wote chini ya magari yao wakatafute matundu. Mmoja alitoa lami. Tulitazamana. Kumbe nilimfundisha mimi.

Mwanangu alipiga simu kuuliza chuma chakavu kimefikia wapi. Nikampa fundi aongee naye, mimi nilikuwa napakia.

Leo hii nina vitu hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma Mbinga, vyumba vinne, bati jekundu. Miche ya kahawa mia sita. Shamba la ngoro ekari mbili, mianya yote imezibwa vizuri. Nguruwe watano. Friji moja ya kugandisha. Banda la kukaushia usipa Mbamba Bay. Grenda moja, yangu, hatuazimani. Leseni. Pikapu moja, bluu mbili tofauti, matundu kumi na mawili chini, yote wazi. Nimeyapitishia msumari leo asubuhi.